Lori Lililoondoka Bila Dereva Wake

Venant alikuwa na asubuhi moja tu ya kuokolewa. Mchana angepandishwa kizimbani, na karatasi iliyolala mezani kwa Inspekta Wilhelmina ilikuwa imeshamhukumu kabla ya hakimu: dereva alisinzia kwenye usukani, akamgonga mwendesha baiskeli, akaingiza lori mtaroni, akakimbia. Aliyegongwa ni mkulima wa huko Misungwi, jina lake Mhoja, alikuwa hospitalini amevunjika nyonga na hajafumbua macho. Akifumbua, Venant atapoteza leseni na kwenda jela. Asipofumbua, tusiseme.

Wilhelmina aliisoma karatasi mara ya pili huku anakoroga chai. Alikuwa mama mwenye mwili, mzaliwa wa Misungwi, na hapo kituoni walimheshimu kwa mambo mawili. La kwanza, hakuna uongo aliowahi kuambiwa ukadumu mpaka amalize chai yake. La pili, vitendawili. Askari wapya waliambiwa mapema kwamba afande huyu akisema "kitendawili", usicheke, kaa sawa, kwa sababu mtu mmoja anakaribia kukamatwa.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," alijibu Konstebo Lukman, aliyekuwa nje ya dirisha anafuta kioo cha Land Rover.

"Mtu kasababisha ajali, anakimbia. Anakimbilia mbele au nyuma?"

"Afande, hicho si kitendawili. Hilo ni swali."

"Basi jibu swali."

Lukman aliweka kitambaa begani. "Anakimbilia kwao."

"Kwao Venant ni Butimba, hapahapa mjini. Lori lilikuwa limeshaipita Misungwi, linaelekea huku Mwanza. Sasa kwa nini walimkamata Misungwi, nyuma, asubuhi kweupe, anauliza watu kama wameliona lori lake?"

"Ujanja huo. Kajifanya kaibiwa."

"Inawezekana," alisema Wilhelmina, akamaliza chai. "Niletee huyo mjanja."

Venant aliingia akiwa ameinama kidogo, maana mlango ulikuwa mfupi kwake. Alikuwa mrefu, wa makamo, amevaa shati kama mtu aliyevalishwa na mwingine. Hakukaa mpaka alipoambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe mikono."

Alishangaa, lakini akaiweka mezani. Viganja vigumu, vimeota sugu, kucha zina oili. Wilhelmina akamtazama na macho. Yalikuwa mazito kwa uchovu wa mahabusu, ila meupe, hayana hata mshipa mwekundu.

"Kwenye kabini yako wamekuta mirungi."

"Ya utingo wangu, Yahaya. Homa ilimpiga njiani, nikamshusha Shinyanga kwa dada yake. Akashuka, mirungi yake ikabaki."

"Na wewe hukuonja? Peke yako, barabara yote ile, na usingizi?"

"Mama, mirungi haiondoi usingizi. Inauficha tu. Halafu unatoka wote kwa pamoja, na huwa unatokea kwenye kona."

Lukman, aliyesimama mlangoni, alicheka puani. Wilhelmina hakucheka. Aliipenda kauli ile, akaiweka.

"Haya, nieleze. Ulikuwa umebeba nini?"

"Maboksi matupu kutoka Dar. Yale ya kupakia minofu ya sangara. Kiwanda kinayasubiri, na ndege ya kubeba samaki nayo inasubiri. Nilipopiga simu kutoka Shinyanga, msimamizi wetu, Alexander, akaniambia mzigo usipokuwa kiwandani kukicha, nisirudi kazini. Siku hizi ndiyo maneno yenyewe. Enzi ya malori ya ushirika ukichelewa unaandikiwa barua. Sasa ukichelewa kuna kijana amesimama getini na leseni yake mkononi."

"Na bado ukasimama Misungwi. Kutoka pale hadi mjini ni pua na mdomo."

"Ndiyo pale wenzangu wengi walipofia, mama. Karibu na nyumbani. Dereva akishaanza kuona nyumba yake kichwani, haioni tena barabara." Alijifuta uso. "Mimi nina kipimo changu. Sipimi kwa kufumba macho, maana macho yakishafumba umechelewa. Najiuliza: kijiji nilichopita sasa hivi nimekipitaje? Nilifika Misungwi nikajiuliza Mabuki nimeipitaje. Sikukumbuka. Taa, mizani ya pamba, yale maduka, hakuna kitu. Yaani lori lilipita Mabuki bila mimi. Nikasema basi. Nikaegesha ng'ambo ya nyumba ya wageni ya Mama Dorotea, nikatia mawe kwenye tairi, ufunguo mfukoni, nikaenda kupumzika. Nilipoamka lori hakuna."

"Ufunguo?"

"Mfukoni. Waliuchukua hapa kaunta."

"Tatizo lako ni moja, baba. Mama Dorotea ameulizwa. Amesema hukulala kwake."

Hapo ndipo uso wa Venant ulipobadilika. Mpaka wakati huo alikuwa anajibu kama mtu anayesubiri makosa ya ofisi yarekebishwe. Sasa aliinua kichwa polepole.

"Mama Dorotea amesema hivyo? Mama Dorotea mwenyewe?"

"Imeandikwa."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi nimekwisha."

Mwongo huwa anaongeza maneno akibanwa. Huyu alikuwa ameishiwa. Wilhelmina alisimama, akachukua mkoba wake.

"Lukman, washa gari. Na wewe, baba, usife kabla sijarudi."

Lori lilikuwa bado mtaroni, mbele kidogo ya Misungwi, limeegemea uzio wa boma la watu kama mlevi aliyeegemea ukuta. Turubai lilikuwa limefungwa vizuri, kamba zote mahali pake. Hakuna boksi lililodokolewa. Baiskeli ya Mhoja ilikuwa imeshaondolewa, imebaki mihogo iliyosagika kwenye lami.

Barabarani, nyuma ya lori na mbele yake, kulikuwa na mafungu ya matawi mabichi. Kila dereva anaijua desturi hiyo: gari likikwama, unakata majani unayaweka mbali kidogo ili wanaokuja wapunguze mwendo.

"Huyu mkimbizi wetu ana adabu," alisema Lukman, akainama kuokota tawi.

"Usiguse!"

Lukman alirudisha mkono kama aliyeona nyoka.

"Nyinyi watoto wa Mirongo mmelelewa na saruji," alisema Wilhelmina. "Huo ni mnyaa. Umeuona utomvu wake? Mweupe kama maziwa. Ukikuingia machoni utamwita mama yako mpaka jioni."

Lukman aliyatazama matawi yale membamba ya kijani, kisha akatazama uzio. Ulikuwa mnyaa mtupu, kama nyuzio nyingi za Usukumani, na sehemu moja karibu na mlango wa lori ulikuwa umevunjwavunjwa. Wilhelmina alisogea pale. Matawi hayakukatwa kwa panga. Yalikuwa yamenyongwa na kuvunjwa kwa mikono, kwa haraka, na utomvu umekauka juu ya ngozi ya mti kama ute.

"Angalia na upande ule," alisema.

Ng'ambo ya barabara, jirani kabisa, ilisimama mijohoro, majani tele, hayana madhara kwa mtu wala mbuzi.

"Dereva wa huku angevuka akakata yale," alisema Lukman, sasa akili imemkaa sawa.

"Hata mtoto wa darasa la kwanza wa huku angevuka. Huku mtoto hajajua kuhesabu, anajua mnyaa hauvunjwi kwa mikono mitupu, na ukiuvunja hujifuti jasho. Mtu huyu aliuvunja, akajaza mikono. Asubuhi, hofu, jasho linamtoka. Unadhani alifanya nini?"

Lukman alikaribia kujishika uso, akajizuia.

"Na Venant?" aliuliza.

"Venant macho yake ni meupe. Viganja havina hata lengelenge." Wilhelmina alikuwa ameshageuka kurudi garini. "Twende kwa Mama Dorotea. Ila kwanza tumpitie yule konstebo aliyeandika maelezo yake. Nataka kusikia alivyouliza. Majibu nimeshayasoma."

Konstebo Mayala, wa kituo kidogo cha njiani, alikuwa kijana msafi, mkanda umeng'arishwa, mwandiko mzuri kuliko wa hakimu. Alipanda Land Rover akiwa na uhakika wote duniani. Uhakika huo ulidumu mpaka mlangoni kwa Mama Dorotea.

"Huyu tena?" alisema mama huyo, mwiko mkononi. "Umemleta huyu aliyekuja kunitukana mbele ya watu?"

"Mwangaluka, mayu," Wilhelmina alimwamkia kwanza kwa Kisukuma, kwa utaratibu, maana hasira ya mkubwa haikatizwi kwa maswali.

"Mwangaluka." Sauti ilishuka kidogo. "Karibu. Wewe karibu. Yeye abaki juani."

"Mama, mimi sikukutukana," alilalamika Mayala. "Niliuliza swali la kazi."

"Uliulizaje, mwanangu?" aliuliza Wilhelmina.

Konstebo alisimama wima, kana kwamba yuko paredi. "Nilimuuliza: dereva Venant alilala kwako?"

Lukman alikohoa ndani ya kola ya shati lake, akakohoa tena, kisha akaenda kutazama tairi za gari ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

"Umesikia?" Mama Dorotea alimgeukia Wilhelmina. "Umesikia kwa masikio yako? Mimi mjane. Mimi kiongozi wa kwaya. Wanakwaya wenzangu wamekaa hapa wanakunywa uji, anaingia mtoto wa jana, na kofia yake, ananiuliza kwa sauti kama mwanaume amelala kwangu! Ulitaka nijibuje?"

"Ulijibuje?"

"Nikamwambia hajalala kwangu hata siku moja, wala hatalala, na andika hivyohivyo. Na mjinga akaandika!"

Wekundu ulimpanda Mayala mpaka masikioni, ingawa kwa rangi yake haikuwa kazi rahisi.

Wilhelmina alivuta kiti, akakaa, akaweka mkoba mapajani. "Mama, tuanze upya. Kwanza, lori. Jana lori la Venant lilipumzika hapa?"

"Hilo lilipumzika. Ng'ambo pale."

"Na dereva wake, alijinyoosha wapi?"

"Uani, kwenye kibaraza cha jiko." Sasa maneno yalitoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. "Alikuja amechoka, macho yanamtoka. Chumba hakutaka, akasema akilala kitandani hataamka mpaka kesho kutwa. Nikamtandikia mkeka. Mvua ilikuwa imenyesha, shuka zangu zote mbichi kambani, nikashusha pazia la sebuleni, lile la maua, nikamfunika. Nilipokwenda misa ya alfajiri nilimwacha anakoroma. Niliporudi, lori hakuna, yeye bado anakoroma chini ya maua yangu. Mimi ndiye niliyemwamsha! Nilimwambia, baba, lori lako limekwenda Mwanza bila wewe."

"Kabla ya jana aliwahi kupumzika hapa?"

"Hapana. Hula akapita. Jana ndiyo mara ya kwanza."

"Na hilo pazia, kuna mwingine aliyemwona nalo?"

"Nani? Nililirudisha dirishani wanakwaya hawajafika. Unadhani nataka waulize?"

Wilhelmina alivuka barabara na askari wake wawili. Palikuwa na uwanja wa vumbi uliolowa, malori huegesha pale na kuondoka wakati wote, mtu aliyelala uani asingeshtuka kwa muungurumo mmoja zaidi. Karibu na doa la oili kulikuwa na mawe mawili makubwa. Moja lilikuwa limetupwa pembeni kwa mkono. La pili lilikuwa limedidimia ardhini, na mgongoni lina alama ya tairi.

"Aliyeliondoa hili la kwanza hakukumbuka kuna la pili," alisema. "Alilipanda. Dereva anayetia mawe mwenyewe anajua ametia mangapi."

"Basi tumemaliza, afande," alisema Mayala kwa matumaini ya mtu anayetaka kusamehewa. "Nitaandika maelezo mapya ya mama, Venant aachiwe."

"Mwanangu, hakimu atakuwa na karatasi mbili za mama mmoja. Moja inasema hapana, nyingine inasema ndiyo. Wakili yeyote ataishika ile ya kwanza, na atamuuliza mama maswali mabaya kuliko lako. Lori lilipigwa ufunguo, halikuvunjwa. Ufunguo wa Venant ulikuwa mfukoni mwake. Kuna mwingine. Nataka aliyeushika."

Ofisi ya Mzee Pius, mwenye lori, ilikuwa Mirongo, ghorofa ya chini, kati ya duka la redio na duka la vitenge, katika mtaa ambao si muda mrefu uliopita maduka yake yaliuza kiberiti na subira. Sasa kila mlango ulimwaga bidhaa mpaka njiani. Mzee Pius alianza na lori moja bovu, akalifufua, likazaa mengine. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo usio mbaya, na alimwita kila aliyekuwa mdogo kwake mwanangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niambie unanirudishia lori langu. Wenye kiwanda wamenipigia simu mpaka sikio limeota moto."

Kando yake, kwenye meza ndogo, alikaa kijana mfupi, shati laini, miwani ya jua usoni. Ndani mle mlikuwa na giza la kutosha kumpoteza paka.

"Huyu ni Alexander, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Dar. Ndiye msimamizi wangu wa safari."

"Karibu, afande," alisema Alexander. "Kwa kweli tunahitaji lori. Ndege haimsubiri mtu."

"Pole na kazi. Naona jua limekufuata mpaka ndani."

"Macho mekundu," alijibu upesi, akigusa miwani. "Ugonjwa umeingia mjini."

"Yameanza lini?"

"Kama siku mbili tatu hivi."

"Juzi jioni si ulikuwa unanisomea gazeti hapa?" alisema Mzee Pius. "Macho yako mazima kabisa."

"Yalikuwa yanaanza, mjomba."

"Ugonjwa mbaya huo," alisema Wilhelmina kwa upole. "Ulikutana nao huko safarini?"

"Safari gani? Mimi wiki hii sijatoka mjini, hata Mkolani sijavuka."

Wilhelmina alitikisa kichwa kukubali. Akavuta pumzi, akaangalia dari, kama mtu aliyekuja kusalimia tu.

"Kitendawili," alisema.

Lukman, mlangoni, alikaa sawa.

"Tega!" Mzee Pius alifurahi. Hakuna Msukuma wa umri wake anayekataa.

"Ng'ombe wangu kiwele kimejaa, ndama hamsogelei."

"Mnyaa!" Mzee alipiga meza. "Hicho cha watoto, mwanangu, nitegee kingine."

"Mnyaa ndiyo nini?" aliuliza Alexander.

"Watoto wa Dar hawa! Ile miti ya uzio, ya kijani, haina majani. Ukiivunja inatoa maziwa, yakikuingia machoni..."

"Kumbe ndiyo ile..." alianza Alexander, akaishia hapo. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye miwani, ukashuka polepole.

Mpelelezi mwingine angemrukia. Wilhelmina alimpita kama hakusikia. Macho mekundu peke yake hayafungi mtu, na woga uliobanwa mapema hufunga mdomo. Akageuza kiti chake kidogo.

"Nisaidie jambo moja. Hakimu ataniuliza Venant ni dereva wa namna gani. Wewe ndiye msimamizi wake."

Bega la Alexander lilishuka kwa nafuu. "Mvivu, afande. Sitaki kumsema mtu aliye mahabusu, lakini mvivu. Sisi huku tunakesha, simu zinalia, ndege inakuja. Yeye? Kila safari ana visingizio. Tairi zimepata moto, breki anazisikiliza, mara hajisikii vizuri. Dereva anajisikiliza kama mjamzito! Mzigo wa watu uko ng'ambo ya barabara, yeye kajilaza uani kwa mama wa watu, kajifunika pazia la maua, anakoroma. Sasa huyo ni dereva?"

"Siyo dereva," alikubali Wilhelmina.

"Ndiyo ninachosema."

"Basi nitegulie kingine, mzee," Wilhelmina alimgeukia Pius. "Mtu wangu mmoja. Alfajiri amelala uani, amejifunika pazia la maua. Alfajiri hiyohiyo yuko barabarani, anaendesha lori."

Mzee Pius alicheka kidogo, akafikiri, akaacha kucheka.

"Hawezi kuwa mtu mmoja," alisema.

"Ndivyo ninavyofikiri. Pazia hilo, mzee, limewahi kumfunika Venant asubuhi moja tu katika maisha yake, jana. Mama aliyemfunika amelificha hata kwa wanakwaya wake. Polisi hatukuliandika popote. Karatasi zetu zinasema Venant alikuwa kwenye usukani. Huyu kijana wako, ambaye hajavuka Mkolani, amelionea wapi?"

Nje, duka la redio lilikuwa linajaribu spika. Mzee Pius alisimama, akafungua kabati lililo nyuma yake. Ndani ya mlango palikuwa na misumari, kila msumari una ufunguo wa akiba wa gari lake. Msumari mmoja ulikuwa mtupu.

"Alexander," alisema. Sauti kubwa ilikuwa imekwenda wapi, haijulikani. "Vua miwani."

Kijana aliivua. Macho yalikuwa yamevimba, mekundu kama pilipili iliyoiva, kope zinanata.

"Nilitaka kufikisha maboksi tu, mjomba. Nilisubiri hapa usiku kucha. Nikaona hafiki, nikaomba lifti mpaka Misungwi, nikaliona lori limeegeshwa. Nikachungulia uani. Amelala! Ningemwamsha angenikatalia, namjua. Nikasema kutoka pale ni karibu, nimeshaendesha pikapu, lori nalo ni usukani na breki."

"Yule mtu wa baiskeli hukumwona?" aliuliza Wilhelmina.

"Nilifumba macho kidogo tu, afande. Kidogo sana. Nilipofumbua alikuwa mbele."

"Halafu ukashuka, ukavunja matawi."

"Nilisikia madereva wanasema gari likikwama uweke majani, lisije likagongwa na jingine."

Wilhelmina hakupandisha sauti, hakuwa na haja nayo.

"Lori uliliwekea alama, mwanangu. Mtu ukamwacha."

Alexander aliinamisha kichwa. Ufunguo wa akiba ulitoka katika mfuko wa suruali, umenata utomvu mkavu, na Lukman aliupokea kwa kitambaa, kwa uangalifu mkubwa wa mtu aliyesoma shule leo asubuhi.

Hakimu alipotoka kula, jalada la Venant halikuwa tena mezani kwake. Hospitali nayo ilikuwa imepiga simu kituoni: Mhoja amefumbua macho, na neno lake la kwanza ni kuuliza nani amechukua mihogo yake. Konstebo Mayala ndiye aliyepewa kazi ya kwenda kuandika maelezo yake, na aliagizwa ayasome maswali yake kwanza kwa sauti, peke yake, mbele ya kioo.

Pale kaunta Venant alirudishiwa mkanda, viatu na leseni. Vingine alivichukua harakaharaka. Leseni aliifungua, akaitazama picha yake ya ujana, akaifunga, akaitia mfuko wa ndani wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

Mzee Pius alikuwa amefika. Alisimama katikati ya chumba, hajui pa kuweka mikono yake minene.

"Venant, ndugu yangu. Nimekukosea, na tutayaongea. Lakini nisikilize. Lori wamelivuta, limesimama hapo nje, injini nzima. Maboksi hayajalowa. Kiwanda kinanililia, ndege imekubali kusubiri mpaka jioni. Ni kutoka hapa mpaka pale ufukweni tu. Nipelekee, halafu ukapumzike hata wiki nzima."

Aliuchukua ufunguo wa lori hapo kaunta, akamnyooshea. Askari wa kaunta aliacha kuandika. Wilhelmina aliliona swali lile lilivyokuwa zito kuliko yote aliyouliza yeye tangu asubuhi: mtu ametoka mahabusu, kazi yake iko mikononi mwa huyu anayemnyooshea ufunguo, na safari yenyewe ni fupi kiasi kwamba kukataa kunaonekana dharau.

Venant alimwangalia mzee, akaangalia nje, lori lilipokuwa.

"Mzee, mahabusu sikupata lepe. Hapa nilipo nakusikia, lakini mwanzo wa maneno yako umeshanitoka. Leo siendeshi."

"Ni hapo tu, Venant!"

"Ndiyo, mzee. Ni hapo tu."

Walitazamana. Mzee Pius alikuwa wa kwanza kuangalia chini. Aliurudisha ufunguo mfukoni, akamwomba askari simu, akazungusha namba kwa kidole kinene, akasubiri.

"Haloo. Pius hapa. Mzigo mtaupata kesho." Upande wa pili ulipiga kelele mpaka wote mle ndani wakasikia. Mzee aliweka simu mbali na sikio, akairudisha. "Ninaye, nimekwambia dereva ninaye. Amesema hayuko tayari." Alisikiliza. "Aliyekuwa tayari?" Akageuza kichwa kuelekea mlango wa mahabusu, ambao Lukman alikuwa amemaliza kuufunga. "Aliyekuwa tayari, baba, yuko ndani."